Upekuzi wa hati na kufungua mipaka Kampala: tathmini ya huduma kwa anayeogopa bomoabomoa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ambayo mnunuzi wa kiwanja Kampala na vitongoji vyake huilipia kabla hajatoa fedha zake: upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji, na kufungua mipaka, yaani mpima ardhi aliyesajiliwa kufika kiwanjani na kuonyesha kila kona ilipo. Mawakala wa viwanja huziuza mbili hizi kama kitu kimoja, na humwahidi mteja kwamba akishazipata zote atajenga bila wasiwasi wa kubomolewa. Ahadi hiyo ni kubwa kuliko huduma yenyewe. Upekuzi ni wa bei nafuu na unafanya kazi yake. Kufungua mipaka kunagharimu zaidi, lakini ndiko kwenye thamani. Ama swali linaloamua hasa kama tingatinga litakuja, yaani kama ardhi hiyo au sehemu yake ni ya umma, halijibiwi na huduma yoyote kati ya hizo mpaka mteja aliulize mwenyewe na kudai jibu la maandishi.

Niliitumia kwa niaba ya shemeji yangu, ambaye alikuwa amepata kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Nansana, kwenye mteremko unaoelekea ardhioevu ya Lubigi. Kila anayeishi Kampala anajua kwa nini jina la Lubigi humfanya mnunuzi asite. Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliwaondoa watu waliokuwa wamejenga ndani ya ardhioevu hiyo na kubomoa nyumba zao, na tangu hapo bei ya viwanja vya mteremkoni imekuwa ikitajwa kwa sauti ya chini. Ni rahisi kuwaita wote waliobomolewa wavamizi. Lakini mtu anayejenga sehemu kama hizo mara nyingi ana mkataba wa mauzo wenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), ana mita ya umeme, analipa maji, na pengine ana hati kabisa. Kwa hiyo swali langu nilipoanza kuitumia huduma hii lilikuwa moja: je, ingemwonya mtu wa namna hiyo?

Nianze na upekuzi. Ombi hupelekwa katika ofisi ya kanda inayohusika na wilaya ya kiwanja. Nansana, ingawa wengi huihesabu kuwa Kampala, iko Wilaya ya Wakiso. Unajaza fomu kwa kutaja namba ya bloku na ya kiwanja kama zilivyo kwenye hati, unapewa hati ya malipo, unalipa ada ya serikali ya shilingi 10,000 pamoja na makato ya benki, kisha unasubiri barua. Kwa kuwa daftari la ardhi limehamishiwa kwenye kompyuta, jibu halitegemei tena karani kulifukua jalada kutoka kwenye rafu. Barua yenyewe ni fupi. Inataja jina la mmiliki aliyesajiliwa, ukubwa wa kiwanja kwa hekta, tarehe na namba ya usajili, na mwishoni inaeleza kama kuna mzigo wowote juu ya hati, kwa mfano rehani ya benki au zuio lililowekwa na anayedai haki. Kwa shilingi 10,000 sijui huduma nyingine ya serikali inayompa mwananchi taarifa yenye uzito kama huo.

Nashauri jambo moja tu kuhusu hatua hii: nenda mwenyewe au mtume wakili unayemjua. Wakala wetu alijitolea kutuletea barua hiyo kwa bei iliyozidi ada mara nyingi, na alishangaa tulipokataa. Barua ya upekuzi ni karatasi, na karatasi hughushiwa. Ukiipokea kutoka mkononi mwa mtu anayesubiri kamisheni ya mauzo, umelipia maneno yake na si ya wizara.

Upungufu wa upekuzi hauko kwa watumishi wala kwenye mfumo, bali kwenye kile ambacho barua haikuundwa kukisema. Sheria ya Usajili wa Hati inaichukulia hati kuwa ushahidi wa mwisho wa umiliki, isipokuwa pale palipo na udanganyifu. Lakini Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inaiweka serikali, kuu au ya mtaa, kuwa mdhamini wa maziwa ya asili, mito, ardhioevu, misitu ya hifadhi, hifadhi za wanyama na mbuga za taifa kwa manufaa ya wananchi wote, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaikataza serikali hiyo kuzikodisha au kuzitoa kwa namna nyingine. Ina maana kwamba hati iliyotolewa juu ya ardhioevu baada ya Katiba hiyo inaweza kusomeka vizuri kwenye kompyuta, ikawa na jina, ukubwa na tarehe, bila rehani wala zuio, na bado isimkinge mwenye nayo. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliagiza hati za namna hiyo zifutwe. Barua ya upekuzi haina mahali pa kumwambia mnunuzi kwamba hati anayoiulizia ni mojawapo. Inaonyesha aliyeandikwa; kama alistahili kuandikwa au la, hilo ni jambo la ofisi nyingine.

Kwa anayenunua kibanja, yaani haki ya mkaaji kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, katika ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda), hali ni ngumu zaidi, kwa sababu upekuzi utamwonyesha mwenye mailo tu, naye muuzaji wa kibanja hayumo kabisa. Hapo itabidi amtafute mwenye hati na kupata ridhaa yake, na hiyo ni kazi inayohitaji tathmini yake peke yake.

Upekuzi pia hauoni kesi iliyoko mahakamani ikiwa hakuna aliyeweka zuio kwenye hati. Wakazi wa Kampala wanakumbuka kanisa la Mtakatifu Petro la Ndeeba lililobomolewa usiku mwezi Agosti 2020, wakati wa amri ya kutotoka nje, baada ya mgogoro mrefu wa ardhi uliofika mahakamani. Ile haikuwa ardhi ya umma, lakini tukio lile lilionyesha kwamba jengo kubwa lenye waumini na miaka mingi haliwi salama kwa ukubwa wake. Mnunuzi mwangalifu huwauliza majirani kuhusu kesi, na huwauliza wakati muuzaji hayupo.

Sasa kufungua mipaka, ambako ndiko ningemshauri mtu aweke fedha zake hata kama itambidi apunguze kwingine. Kampuni tuliyoitumia sitaitaja. Walikuja watatu: mpima mwenyewe, msaidizi aliyebeba kifaa cha kupokea ishara za setilaiti juu ya fimbo ndefu, na kijana mwenye jembe na panga. Mpima alikuwa na nakala ya ramani ya kiwanja yenye viwianishi vya kila kona. Mwenyekiti wa LC1 aliitwa, na majirani wa pande zote wakaarifiwa, jambo ambalo si adabu tu bali ni kinga, kwa kuwa jirani aliyeona jiwe likifukuliwa hawezi kusema mwakani kwamba lilihamishwa.

Jiwe la kwanza lilikuwa chini ya magunia ya mkaa ya mama mmoja anayefanya biashara kwenye kona. Msaidizi alisimamisha fimbo, akasogea nusu hatua kushoto, akasogea tena, kisha akamwambia kijana achimbe pale pale. Jembe lilipita kwenye vumbi jeusi la mkaa, likaingia kwenye udongo mwekundu, na baada ya muda likagonga kitu kigumu: kipande cha nondo kilichozungukwa na zege, kimeota kutu, kichwa chake kikiwa kimepinda kidogo. Mama wa mkaa alicheka, akasema amekalia mpaka wa watu miaka yote bila kujua. La pili lilipatikana kwa urahisi kwenye mizizi ya mgomba. Ya upande wa barabara ndiyo yaliyotupa tulichokilipia. Kifaa kiliyaonyesha yapo ndani ya kiwanja, karibu mita 3 nyuma ya uzio wa mabati ambao muuzaji alitwambia ndio mpaka. Moja lilikuwepo, limefukiwa kifusi. Jingine lilikuwa limeng'olewa na shimo lake likajazwa.

Mita 3 ni kama futi 10. Hati ilisema hekta 0.0465, ambazo ni futi za mraba 5,000 hivi, au desimali 11 na nusu (desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari); muuzaji alikuwa akitangaza desimali 12 na nusu, nasi tulidhani anakadiria kama wauzaji wote wanavyokadiria. Hakuwa anakadiria hata kidogo. Alikuwa amepima kilichomo ndani ya uzio wake, pamoja na ukanda wa barabara uliokuwa umefungiwa ndani, na kwenye ukanda huo alikuwa ameshajenga vibanda viwili vya biashara ambavyo alitwambia vingetulipia kodi tangu mwezi wa kwanza.

"Hajji," mwenyekiti alinivuta kando, "mbona watu wote wa mstari huu wamesogea mbele na hakuna aliyewasumbua?"

Alikuwa akisema kweli. Ukisimama barabarani unaona mabati yote yamekuja mbele kwa pamoja, kama safu moja. Lakini vibanda kama hivyo ndivyo vinavyoanza kuondoka siku barabara inapopanuliwa au mfereji wa maji ya mvua unapochimbwa, na mwenye kibanda kilichomo kwenye hifadhi ya barabara hana hati ya kudai fidia ya ardhi ile. Sheria ya Barabara ya mwaka 1949 iliruhusu hifadhi ya hadi futi 50 kutoka katikati ya barabara kila upande, na wengi waliojenga zamani walijenga ndani ya futi hizo. Sheria hiyo nafasi yake imechukuliwa na ya mwaka 2019. Kwenye barabara kuu za taifa, zilizokuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, kabla kazi zake hazijarudishwa Wizara ya Kazi na Uchukuzi mwishoni mwa 2024, ni vizuri kuuliza upana wa hifadhi kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Reli nayo ina hifadhi yake, na waliokuwa na vibanda kando ya njia ya reli Kampala walivunjiwa mwaka 2014.

Mpima alikuwa hodari kazini. Ofisi yake ndiyo iliyonipa sababu ya kupunguza alama. Bei tuliyoafikiana kwa simu haikuwa na usafiri wala posho ya mwenyekiti, na hayo mawili tuliyasikia wakati kifaa kimeshatolewa kwenye gari. Baya zaidi ni ripoti. Ya kwanza tuliyoletewa ilisema tu kwamba mipaka imefunguliwa na kwamba ukubwa wa kiwanja unalingana na hati. Kila neno lilikuwa sahihi, na bado ripoti ilikuwa haifai, kwa sababu haikutaja uzio, haikutaja vibanda, wala haikutaja jiwe lililong'olewa. Shemeji angeweza kuiweka mezani kama ushahidi kwamba mambo ni shwari. Tulipolalamika tuliambiwa kuwa kazi ya mpima ni mawe na si uzio. Hatimaye walikubali, kwa malipo ya ziada, kuongeza mchoro unaoonyesha umbali kutoka katikati ya barabara hadi kwenye uzio na kutoka kwenye jiwe la chini hadi mahali mafunjo yanapoanzia. Mchoro huo ulipaswa kuwamo tangu mwanzo. Anayeagiza huduma hii aandike kwenye makubaliano, kabla ya kulipa hata shilingi, kwamba anataka kuona kila kilichojengwa nje ya mawe.

Kuhusu ardhioevu, mpima anaweza kukupimia umbali lakini si yeye anayeamua ardhioevu inaanzia wapi. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na watu wa Ggaba na Munyonyo wamezoea kuzisikia tarakimu hizo. Bonde kama Lubigi ni gumu zaidi kwa macho. Wakati wa kiangazi sehemu yake ya juu huonekana shamba la kawaida. Mtu amepanda magimbi, mwingine ameshusha malori ya marram, udongo wa changarawe wa kujazia, na katikati pamesimama nguzo ya umeme. Ukitazama vizuri utaona udongo uliochimbwa kwa ajili ya magimbi ni mweusi na unatoa maji hata siku ambayo hakujanyesha. Kiwanja chetu kiko juu ya hapo, lakini jirani wa chini ana msingi wa nyumba uliosimamia futi chache juu ya maji. Kwa jambo hili afisa mazingira wa wilaya ndiye wa kuulizwa, na aulizwe kwa barua.

Hatua ambayo mawakala hawaitaji kabisa ni kwenda kwa ofisa wa mipangomiji. Ndiyo iliyonishangaza kwa urahisi wake. Sheria ya mipangomiji ya 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo lile neno la kusema kwamba huku ni kijijini, hakuna mpango, halina nguvu tena. Ila lazima mtu ajue aende wapi. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, inahusika na tarafa tano za jiji, ambazo ni Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Ukivuka mpaka uko Wakiso, na huko Nansana, Kira na Makindye-Ssabagabo kila moja ina manispaa yake na ofisi yake ya mipango. Nimewasikia watu wakisema kwamba wamehamia Wakiso ili waepukane na tingatinga la KCCA, kana kwamba sheria iliishia kwenye kibao cha mpaka. Sisi tulikwenda manispaa na nakala ya ramani, tukaonyeshwa kwenye mpango njia iliyo mbele ya kiwanja na upana uliokusudiwa, na kwa kuitazama tu ilionekana kwamba vibanda vile viwili viko ndani ya barabara ya kesho.

Ni ofisi hiyo hiyo itakayohusika na michoro ya nyumba baadaye, kwa sababu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ujenzi unataka kibali, na jengo likikamilika linataka kibali cha kulitumia. Anayejenga bila vibali hivyo hata kwenye ardhi yake halali anaweza kuamka akakuta ukuta wake umepakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wauzaji hupenda kusema kwamba alama hizo hufutika kwa chokaa. Hufutika, ndiyo, ila nakala ya notisi hubaki kwenye jalada.

Kuna malalamiko ya haki hapa, na sitaki kuyapita. Barabara ya Northern Bypass, iliyofunguliwa 2009, imekatiza ndani ya Lubigi. Mtambo wa kusafisha majitaka uliozinduliwa 2014 umo ndani ya Lubigi vilevile. Mwenye chumba kimoja akivunjiwa huku akiyatazama majengo makubwa yamesimama kwenye maji yale yale, ana sababu ya kuuliza sheria inasoma majina ya nani. Vilevile namna ya kubomoa inatia doa hata panapokuwa na haki: soko la Park Yard, karibu na uwanja wa Nakivubo, lilibomolewa usiku mwaka 2017, na wafanyabiashara walifika asubuhi wakakuta kifusi. Lakini malalamiko hayo ni ya kupeleka mahakamani na kwa wabunge. Mnunuzi hawezi kuyatumia kama msingi wa nyumba, na mawakala wanaomwambia kwamba "mbona fulani hajabomolewa" wanamuuzia bahati ya mtu mwingine.

Kwa alama: upekuzi naupa 4 kati ya 5, na ile moja naizuia kwa sababu barua ingeweza, kwa sentensi moja tu, kumkumbusha mnunuzi kwamba haisemi lolote kuhusu ardhioevu, misitu na hifadhi ya barabara. Kwenye kufungua mipaka, mkono wa mpima naupa 5 na ofisi yake naipa 2. Ziara ya ofisi ya mipango haiuzwi na mtu yeyote, kwa hiyo siipi alama, ila ningeianza hiyo kabla ya kulipa mpima, maana kama mpango ungeonyesha kwamba kiwanja chote kimo barabarani, gharama ya mawe isingekuwa na maana.

Shemeji amemwandikia muuzaji kwamba atanunua kilichomo ndani ya mawe tu, kwa bei ya desimali 11 na nusu, na kwamba uzio urudishwe nyuma na vibanda viondolewe na mwenyewe kabla ya kutiliana saini. Muuzaji ameomba muda wa kuzungumza na wapangaji wa vibanda. Fedha bado ziko benki.